Goti la beki aliyestaafu: limekwisha kweli?

*"Shikamoo daktari. Nina miaka 34, nipo Kigoma mjini. Nilicheza beki wa kati, ligi na timu ya taifa, nikaacha mwaka 2019. Mwaka 2013 nikiwa mazoezini nilimfuata mshambuliaji, nikageuka naye, goti la kulia likalia 'ta!' nikaanguka bila kuguswa na mtu. Niliambiwa ligamenti imekatika. Sikufanyiwa upasuaji. Nilichuliwa, nikakaa nje miezi minne, nikarudi uwanjani na bandeji. Sasa goti linauma nikishuka mteremko wa kwenda Kibirizi kuchukua dagaa, asubuhi linakuwa gumu, na mara mbili tatu limeniacha nikiwa kwenye ngazi. Nimeongezeka uzito tangu mtoto wa pili. Watu wananiambia ute umekauka, ninywe maji ya bamia na supu ya kongoro, na nisikimbie tena maisha yangu yote. Wengine wanasema nichome sindano. Wasichana wa Ujiji wanataka niwafundishe mpira, lakini baba mmoja amemkataza mwanawe. Anasema aniangalie mimi mpira ulivyonifanya, na kwamba mpira unaharibu kizazi. Je, goti langu limekwisha? Nifundishe au niache?"*

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza kuhusu goti, lakini naona kinachokuuma zaidi ni maneno ya yule baba, kwamba wewe ndiye mfano wa ubaya wa mpira kwa mtoto wa kike. Nitayajibu yote mawili. Kwanza nikutoe wasiwasi: goti lako halijakwisha. Lina jeraha la zamani ambalo halikupata matibabu ya kutosha, lina dalili kwamba gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, limeanza kulika, na karibu nina hakika lina misuli dhaifu. Hilo la mwisho lina uzito kuliko watu wanavyodhani, na ndilo unaloweza kulianza wewe mwenyewe wiki hii. Kufundisha, fundisha. Ila hizo mara mbili tatu ambazo goti limekuacha kwenye ngazi zinahitaji mtu wa kulishika na kulipima kwa mikono yake, na hilo maandishi hayawezi kulifanya.

Turudi mwaka 2013. Ndani ya goti kuna ligamenti mbili zinazokatizana, yaani kamba imara zinazounganisha mfupa na mfupa. Ya mbele, ile ambayo watangazaji wa michezo huiita ACL, inauzuia mfupa wa ugoko usiteleze kwenda mbele na usijizungushe kupita kiasi chini ya mfupa wa paja. Ukitembea barabara iliyonyooka huihitaji sana. Unaihitaji unapofunga breki ghafla, unapogeuka huku mguu umeganda chini, unapotua baada ya kuruka kichwa. Hiyo ndiyo kazi ya beki kuanzia dakika ya kwanza hadi ya tisini. Mshambuliaji anajua anakwenda wapi, beki hajui. Anageuka pale mwenzake anapoamua, mara nyingi akiwa anarudi kinyumenyume, uzito wote ukiwa kwenye mguu mmoja. Waliochambua video za mechi, za wanaume na za wanawake, wamekuta kwamba ACL hukatika zaidi mchezaji anapokaba, anapomwendea mwenye mpira, na mara nyingi hakuna mtu aliyemgusa goti. Kwa hiyo ule mlio, na kuanguka bila rafu, ni simulizi ambayo sisi wa fizioterapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, tunaifahamu vizuri. Hukufanya uzembe wowote.

Wanawake wanapata jeraha hili kama mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume wanaocheza mchezo huohuo. Sehemu ya sababu ni mwili: baada ya kubalehe wasichana wengi hutua na kugeuka goti likiwa limenyooka mno na linaingia ndani kuelekea goti jingine, na mkao huo ndio unaoivuta ACL hadi inakatika. Mimi hata hivyo siridhiki na maelezo yanayoishia kwenye mwili wa mwanamke. Msichana wa kwetu huanza mazoezi ya nguvu akiwa ameshakuwa mtu mzima, kama ataanza kabisa. Anacheza kwenye changarawe. Viatu vyake vimetengenezwa kwa kufuata mguu wa mwanamume. Na kizazi chako kilikuwa na hali ngumu zaidi. Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, walicheza fainali za Afrika kule Afrika Kusini mwaka 2010, wakati Ligi Kuu ya Wanawake Tanzania ilikuja kuanza msimu wa 2016/17. Mlikuwa mnaivaa jezi ya nchi kabla nchi haijawajengea ligi. Mchezaji wa wakati huo aliyerudi uwanjani baada ya miezi minne na bandeji alifanya alichoweza kwa kilichokuwepo.

Leo mambo ni tofauti, na nataka ulijue hili kwa ajili ya wasichana wako. Mchezaji aliyefanyiwa upasuaji wa ACL harudishwi kwenye mechi kabla ya kama miezi tisa, na kalenda peke yake haitoshi: lazima mguu ulioumia ukaribie nguvu za mguu mzima, aruke, atue na ageuke bila kusita. Bandeji inampa mtu joto na ujasiri. Haiwezi kufanya kazi ya ligamenti.

Najua kuna swali hukuliandika: kama ningefanyiwa upasuaji, leo ningekuwa mzima? Sitakuficha kitu. Mwaka 2004 watafiti wa Sweden walitoa matokeo ya wanawake wanasoka waliokatika ACL miaka 12 nyuma. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 31 tu. Kati ya waliopigwa eksirei, nusu (asilimia 51) tayari walikuwa na goti lililolika kwa vipimo vya daktari. Na waliofanyiwa upasuaji hawakuwa na tofauti kubwa na wasiofanyiwa. Utafiti mwingine wa hukohuko Sweden ulichukua vijana 121 wenye ACL iliyokatika karibuni. Kundi moja lilipasuliwa mapema, jingine lilianza na mazoezi ya tiba na kupasuliwa baadaye kama ingelazimu. Baada ya miaka mitano karibu nusu ya kundi la pili hawakuwa wamehitaji upasuaji kabisa, na magoti ya makundi yote mawili yalikuwa na hali inayofanana. Upasuaji unarudisha uimara wa goti linaloyumba, na kwa mchezaji anayetaka kuendelea kukaba na kugeuka hilo ni jambo kubwa. Lakini hauufuti ule mshtuko ambao gegedu na meniski, zile pedi mbili zilizo kati ya mifupa, viliupata siku ile. Usiendelee kujitesa kwa upasuaji ambao hukuupata. Kilichokukosesha zaidi, kwa maoni yangu, ni miezi ya mazoezi ya kurudisha nguvu. Hiyo bado ipo.

Kitu kingine ambacho utafiti umetufundisha ni kwamba picha na maumivu havifuatani sana. Yupo mtu ambaye eksirei yake inatisha na analima, na yupo mwenye picha nzuri asiyelala kwa maumivu. Kwa hiyo ukipigwa picha ukaambiwa "goti limesagika", pokea taarifa hiyo kama sehemu moja ya habari. Haikuambii utaweza kufanya nini mwaka kesho.

Sasa bamia. Nimeulizwa jambo hili na watu wa rika zote, na ninaelewa linakotoka: bamia inateleza, ute wa goti unateleza, akili inaviunganisha. Lakini bamia ukishaimeza humeng'enywa kama chakula kingine chochote, na hakuna njia inayoupeleka utelezi wake kwenye goti. Kongoro nayo huvunjwavunjwa tumboni kuwa chembechembe za protini kama za nyama yoyote. Kula bamia, ni mboga nzuri. Supu ya kongoro inywe kama unaipenda, ukikumbuka kwamba mafuta yake yanahesabiwa kwenye uzito. Tena hilo la ute kukauka lenyewe si sahihi. Goti lenye hitilafu mara nyingi huwa na maji mengi kuliko kawaida, ndiyo maana linavimba na kujaa. Kinachobadilika ni ubora wa ute, pamoja na gegedu lenyewe.

Na gegedu linaishi kwa namna ya ajabu kidogo. Halina mishipa ya damu. Chakula chake kimo kwenye ute wa goti, na kinaingia ndani yake kama maji yanavyoingia kwenye dodoki: ukilikamua linatoa, ukiliachia linanyonya. Kila hatua unayopiga inalikamua gegedu, kila unapouondoa uzito linanyonya. Mtu anayekaa kitini miaka mitano ili kulipumzisha goti anazidi kulinyima chakula gegedu lake, na wakati huohuo misuli inasinyaa. Ndiyo sababu ushauri wa kuacha mazoezi maisha yako yote naupinga kwa nguvu. Ugumu unaousikia asubuhi, kama unaondoka ndani ya nusu saa baada ya kuzungukazunguka, ni goti linalodai kutembezwa.

Misuli ndiyo matibabu yako makuu. Chukua futi ya fundi cherehani, kaa umenyoosha miguu, pima vidole vinne juu ya kifuniko cha goti, zungusha futi kwenye paja la kulia kisha la kushoto. Nitashangaa kama hayatofautiani. Baada ya ACL kukatika, ubongo wenyewe huupunguzia nguvu msuli wa mbele ya paja, na usipoufanyisha kazi kwa makusudi haurudi hata ukicheza mechi kila Jumapili. Msuli huo ndio unaopokea uzito unaposhuka mteremko. Ukiwa dhaifu, mzigo unaangukia kwenye gegedu, hasa nyuma ya kifuniko cha goti. Basi hayo ndiyo maumivu yako ya njia ya Kibirizi. Misuli ya nyuma ya paja nayo ina kazi ya pekee kwako: inauvuta ugoko kurudi nyuma, yaani inafanya sehemu ya kazi ya ligamenti uliyoipoteza.

Fanya mazoezi siku tatu kwa wiki, usizifuatanishe. Kuinuka kwenye benchi mikono ikiwa kifuani, taratibu, na kukaa taratibu zaidi, mara kumi kwa mizunguko mitatu. Ikishakuwa rahisi, kumbatia dumu la lita tano lenye maji. Kisha lala chali, kunja magoti, inua nyonga juu na zishikilie huku ukihesabu hadi tano. Wiki zikienda, fanya hivyo kwa mguu mmoja. Kisha, ukishapimwa hospitali, panda kidato kimoja cha ngazi kwa mguu wa kulia na ushuke polepole, ukitazama goti lisiingie ndani: lielekee kwenye kidole cha pili cha mguu. Kusimama kwa mguu mmoja kufanye kila siku ukipiga mswaki. Utaanza kuona tofauti kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili. Kabla ya hapo usikate tamaa wala usijipime kila siku.

Utaumia kidogo, na hilo linawatisha wengi. Kanuni ninayowapa watu ni hii: kwa kipimo cha sifuri hadi kumi, maumivu yasiyozidi tano wakati wa zoezi yanakubalika, mradi kesho yake asubuhi yamerudi yalipokuwa na goti halijavimba zaidi. Yakizidi, punguza uzito wa zoezi, usiache. Wewe ni beki wa timu ya taifa, umezoea kukaza meno. Hapa usikaze.

Kibirizi utaendelea kwenda kwa sababu ndipo riziki ilipo. Shuka kwa hatua fupi, goti likunjwe kidogo, ukate mteremko kwa mshazari pale njia inaporuhusu. Mzigo wa dagaa upande bodaboda, wewe panda kwa miguu: kupanda hakulibani goti kama kushuka, na ni zoezi zuri. Kukimbia tutakurudisha baadaye, kwenye udongo ulio sawa, dakika chache kwa zamu na kutembea, ukishaweza kuinuka kwenye benchi kwa mguu mmoja wa kulia mara kumi bila kuyumba.

Kuhusu uzito nitasema machache, maana wanawake huhubiriwa jambo hili hadi wanachoka. Kila kilo moja unayopunguza hulipunguzia goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Kilo tano tu, basi, ni nafuu kubwa. Hakuna haja ya kuyaacha mawese wala ugali wa muhogo. Pima mawese kwa kijiko badala ya kumimina, punguza soda na sukari ya chai, ongeza samaki wa mugebuka wa kuchemsha au kuchoma. Usijinyime hadi ukose nguvu ya mazoezi.

Dawa. Diklofenaki ya kupaka ni mahali pazuri pa kuanzia, na parasetamo inaweza kusaidia kidogo. Vidonge vya diklofenaki au ibuprofeni vinafaa kwa siku chache goti likichachamaa, ukiwa umekula. Ukivimeza kila siku kwa miezi vinaharibu tumbo na figo na kupandisha presha, na kama una ujauzito au unanyonyesha, usinunue chochote bila kumwambia mfamasia. Poda na vidonge vya "viungo" visivyo na lebo viogope kabisa. Baadhi yake huchanganywa na steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, ndiyo maana mtu anaamka mzima kwa siku tatu halafu uso unamvimba na sukari inampanda. Kuchua kwa mafuta hakuna ubaya kama kunakutuliza. Kuchanjwa chale, sikubaliani nako hata kidogo, kwani unalikaribishia goti usaha.

Sindano unayoshauriwa pengine ni ya steroidi. Inatuliza kwa wiki kadhaa, na ina nafasi yake kwa goti lililovimba na kugoma kabisa. Lakini utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2017 ulilinganisha watu waliochomwa steroidi kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili na waliochomwa maji ya chumvi. Maumivu hayakutofautiana, na waliopata steroidi walipoteza gegedu zaidi. Katika umri wa miaka 34 nisingeanzia hapo. Zile ziitwazo sindano za kuongeza ute ni ghali na faida yake ni ndogo. Usiuze mtaji wa dagaa kwa ajili yake. Kusafishwa goti kwa kamera, kwa mtu ambaye shida yake ni kulika, kwa kawaida hakushindi mazoezi. Goti la bandia ni habari ya umri mwingine, na kwako tuliweke mbali. Upasuaji ambao ni wa kufikiriwa kwako ni ule wa kuunda upya ACL, kwa sharti moja: ukimaliza miezi mitatu ya mazoezi ya kweli na goti bado linakuacha. Kila linapokuacha, meniski hukandamizwa na kuchanika zaidi, na gharama ya kungoja huwa kubwa. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) wanaifanya kazi hiyo, na njia ya kufika kwao ni rufaa kutoka mkoani.

Nikupe na mifano ya mabeki wenzako. Ali Krieger, beki wa kulia wa Marekani, alikatika ACL Januari 2012 kwenye mechi za kufuzu Olimpiki na akaikosa michezo ya London. Alirudi, akatwaa Kombe la Dunia 2015 na 2019, akastaafu mwishoni mwa 2023 akiwa nahodha wa klabu bingwa ya nchi yake. Christie Rampone alikuwa na miaka 40 alipoingia uwanjani kwenye fainali ya Kombe la Dunia 2015. Usijipime nao moja kwa moja: walikuwa na madaktari, gimu na mishahara. Ninachotaka uone ni kwamba mwili wa kike unaweza kubeba kazi ya beki kwa miaka mingi ukihudumiwa. Aliye karibu nasi zaidi ni Janine van Wyk wa Afrika Kusini, beki wa kati kama wewe, mechi 185 za taifa hadi alipoacha mwaka 2023. Akiwa bado anacheza alianzisha klabu ya wasichana yenye herufi za jina lake, JVW, ili mabinti wa nyuma yake wakute mlango wazi. Hicho ndicho unachoombwa kukifanya Ujiji.

Sasa kwa yule baba. Mpira hauharibu kizazi. Mfuko wa uzazi umekaa ndani ya nyonga, umezungukwa na mifupa, na kukimbia wala kuruka hakuugusi. Joy Fawcett, beki wa Marekani, alizaa mabinti watatu katikati ya maisha yake ya mpira na kila mara alirudi timu ya taifa. Nawe una wawili. Lipo jambo moja la kweli ambalo mzazi anapaswa kulijua: msichana anayefanya mazoezi makali huku anakula kidogo anaweza kukosa hedhi kwa miezi, na mifupa yake ikadhoofika. Chanzo chake ni njaa, na dawa yake ni chakula cha kutosha. Waulize wasichana wako kwa faragha, na anayekosa hedhi miezi mitatu apelekwe kituo cha afya.

Hofu yake kuhusu magoti ina msingi, na ungeanza kwa kumkubalia. Kisha mwonyeshe unachokwenda kufanya. Upo mpango wa kupasha mwili moto uliotengenezwa na FIFA, unaitwa 11+. Ni mazoezi 15 kwa kama dakika 20, hauhitaji chochote zaidi ya mpira na koni, na koni unaweza kuweka chupa za maji zenye mchanga. Kuna kukimbia kwa taratibu maalumu, kuna kuimarisha tumbo, nyonga na nyuma ya paja, kuna kuruka na kutua magoti yakiwa yamekunjwa na kutazama mbele, kuna kugeuka kwa kasi. Ulijaribiwa Norway kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, karibu 1,900, na matokeo yalitoka mwaka 2008: majeraha kwa ujumla yalipungua kwa kama theluthi moja, na yale makubwa kwa karibu nusu. Siri yake ni kurudiwa. Ukiufanya mara moja kwa wiki mbili ni kazi bure. Ufanye kila mazoezi, kila wiki, msimu mzima, na uwe mkali kwenye magoti yanayoingia ndani. Jicho lako la beki litaliona goti linaloingia ndani upesi kuliko kocha ambaye hakuwahi kuumia.

Mwalike baba huyo aje asimame pembeni jioni moja aangalie hizo dakika 20. Akimkataza mwanawe tena, umeshatimiza wajibu wako. Na huu ni mji ambao Julai 2021 uliipokea fainali ya Simba na Yanga pale Lake Tanganyika. Hautashindwa kuwapa mabinti ishirini kona ya uwanja.

Wewe mwenyewe usionyeshe kila kitu. Chagua msichana mmoja anayefanya vizuri awe wa mfano, wewe simama unapoona wote. Usijiunge na mechi ya mazoezini kwa sasa, hata wakikubembeleza, mpaka goti lipimwe. Na uliza chama cha soka cha mkoa kuhusu kozi za ukocha za TFF, uanzie leseni D ya CAF. Uzoefu wa taifa unao, lakini cheti ndicho kitakachokupa nafasi kwenye benchi la timu na malipo.

Sasa Maweni. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ndani ya wiki hizi mbili, kwa sababu ya goti kukuacha kwenye ngazi. Mazoezi ya benchi na ya kulala chali yaanze leo, ila kidato cha ngazi kisubiri mpaka upimwe. Usingoje hata siku moja kama goti linakwama na kukataa kunyooka kabisa, kama limevimba ghafla likawa la moto na una homa, kama huwezi kukanyaga, kama maumivu yanakuamsha usiku kila siku bila kupungua, au kama shavu la mguu (kigimbi) limevimba na linauma ukilibonyeza. Ukiwa na homa na goti la moto, usikubali kuchuliwa wala kuchomwa sindano na mtu yeyote kabla daktari hajaliona.

Ukifika, sema wazi kwamba ulikatika ligamenti mwaka 2013 na kwamba goti linakuacha, usiseme tu "goti linauma", maana ukisema hivyo utapewa vidonge na kurudi nyumbani. Omba eksirei ya magoti yote mawili ukiwa umesimama, na omba uonwe na mtu wa fizioterapia akupime uimara wa ligamenti na nguvu za mapaja. Beba karatasi zozote za zamani ulizonazo, vaa kaptula chini ya dera, na andika majina ya dawa zote ulizowahi kumeza kwa ajili ya goti hili, zikiwemo za kienyeji.